Kasoro ya ukurasa itafutwe ilikozaliwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hukutana nalo karibu kila anapofungua ukurasa, ila ni nadra kulisikia likijadiliwa. Kistari kimebaki katikati ya mstari, neno limeandikwa "wanaoshughu-likia" ilhali nafasi ya kuliandika zima ipo. Ritifaa ya ng'ombe imegeuka alama tatu zisizosomeka. Mtu kwenye picha amevutwa mpaka uso umepanuka. Mstari mmoja ndani ya aya umeshuka chini kuliko wenzake. Sisi ni wasanifu kurasa, na hoja yetu ni moja: kasoro nyingi za namna hii huzaliwa kabla ya ukurasa, ndani ya faili la maandishi au la picha. Anayezifunika kwa mkono pale zinapoonekana huziacha zirudi mahali pengine. Amri tutakazozitaja ni za InDesign, programu ya kupanga kurasa, lakini Scribus, Affinity Publisher na QuarkXPress nazo zina njia zake za kufanya mengi ya haya.

Chukua huo mstari ulioshuka. Mwenye haraka hupunguza nafasi kati ya mistari, na aya nzima inabanana huku pengo likibaki palepale. Kabla ya kugusa chochote, washa alama fiche: bonyeza Ctrl, Alt na I kwa pamoja, au Command, Option na I kwenye Mac. Nukta ndogo zitaonyesha kila nafasi tupu, mishale itaonyesha tabo, na alama ya aya itaonyesha kila mwisho wa aya. Kisha chagua mstari ule kipande kwa kipande huku ukitazama ukubwa wa herufi. Mara nyingi utakuta nafasi moja tupu, labda baada ya nukta, ina pointi 14 (pointi ni kipimo cha herufi na mistari) wakati maneno yote yana pointi 9. Katika InDesign nafasi kati ya mistari ni sifa ya herufi, na mstari hufuata ile iliyo kubwa kuliko zote ndani yake. Kwa mpangilio wa kiotomatiki wa asilimia 120, herufi za pointi 9 hukaa kwenye pointi 10.8, lakini ile nafasi tupu inadai pointi 16.8. Jicho halioni herufi yoyote kubwa, linaona pengo tu.

Kasoro inayofanana na hiyo ni aya nzima kuachana mistari mara mbili ghafla. Hapo angalia gridi ya mistari, yaani ngazi zisizochapwa ambazo mistari ya maandishi hukaa juu yake. Gridi ikiwa ya pointi 12 na aya imepewa pointi 12.5, kila mstari hukosa ngazi yake kwa nusu pointi, unarukia ngazi inayofuata, na mistari inaachana kwa pointi 24. Rudisha aya kwenye pointi 12 kamili, au ubadilishe gridi, na mambo yatatulia. Kupunguza ukubwa wa herufi hakusaidii kitu, ingawa ndilo jambo la kwanza ambalo wengi hujaribu.

Maandishi yanayotoka kwenye Word huja na mizigo. Fungua paneli ya mitindo ya aya, yaani maumbo ya aya yaliyohifadhiwa kwa jina, ubofye ndani ya maandishi. Ukiona alama ya kujumlisha pembeni ya jina la mtindo, ujue kuna mabadiliko ya mkono juu yake: fonti, ukubwa, ujongezo au rangi aliyoiweka mwandishi. Kushikilia Alt na kubofya jina la mtindo huyafuta yote mara moja. Lakini usikimbilie. Italiki za majina ya vitabu na maneno ya kigeni nazo ni mabadiliko ya mkono, nazo zitafutika pamoja na takataka, na hakuna atakayegundua mpaka gazeti liwe mtaani. Tengeneza kwanza mtindo wa herufi wa italiki na mwingine wa herufi nzito. Fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, acha sehemu ya maneno wazi, tafuta umbo la italiki, kisha badilisha liwe mtindo wa herufi ulioutengeneza. Fanya hivyo kwa herufi nzito. Baada ya hapo Alt na kubofya huondoa uchafu na kuacha vilivyokusudiwa, kwa sababu mtindo wa herufi hauhesabiwi kuwa badiliko la mkono.

Herufi nzito ina mtego wake. Word hukubali kunenepesha fonti yoyote, hata isiyo na umbo zito, kwa kuipaka wino zaidi. InDesign haighushi: fonti isipokuwa na umbo hilo, maneno huwekewa kivuli cha waridi na fonti hutangazwa kuwa haipo. Chagua familia iliyo na maumbo manne kamili kabla ya kuanza kazi. Na fonti ikibadilika yenyewe baada ya kubandika maandishi kutoka waraka mwingine, sababu kwa kawaida ni jina: nyaraka zote mbili zina mtindo unaoitwa vilevile, na waraka unaopokea ndio unaoshinda.

Kuna tatizo la maandishi lisiloonekana kabisa kwenye kioo, nalo ni weusi. Word inaweza kuleta weusi wake ukiwa mchanganyiko wa rangi za kioo, na kwenye paneli ya rangi utaona jina jipya linaloanza na Word_R0_G0_B0. Ikigeuzwa kwa ajili ya mtambo, rangi hiyo inakuwa wino wa aina nne juu ya herufi ya pointi 9. Pleti, yaani mabamba ya kuchapia kila wino, zikipishana kwa sehemu ndogo ya milimita, kila herufi inaota ukungu wa samawati au wekundu pembeni, na msomaji anadhani macho yake yamechoka. Kupima ni kazi ya nusu dakika: fungua onyesho la utenganishaji wa rangi, zima wino mweusi. Maandishi ya habari yanapaswa kutoweka yote. Yaliyobaki yana rangi nyingine ndani yake. Futa ile rangi iliyotoka Word na uelekeze programu iweke nyeusi halisi mahali pake.

Sasa tufike kwenye linaloiumiza lugha yetu zaidi, yaani kukata maneno mwisho wa mstari. Programu nyingi hufunguka Kiingereza kikiwa ndiyo lugha ya maandishi, na programu ikiamini inasoma Kiingereza hukata kwa kanuni za Kiingereza. Ndipo tunapoona "wan-afunzi" na "wanafun-zi". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo neno hilo ni wa-na-fu-nzi, na mb, nd, nj, ng na nz zinapoanzisha silabi hazitenganishwi, kama zisivyotenganishwa ch, sh, gh, ny na mw. Maneno ya mkopo yaliyo na silabi funge hukatwa kati ya konsonanti: lab-da, ras-mi, mak-taba. Na irabu moja isiachwe peke yake mstari wa chini; "kuangali-a" ni sahihi kwa silabi lakini ni mbaya kwa jicho.

Wengine wameamua kuzima ukataji kabisa. Hesabu inawapinga. Safu ya sentimita 4.5 yenye herufi za pointi 9 hubeba takriban herufi 28 hadi 30 kwa mstari. Neno "wanaoshughulikia" lina herufi 16. Likikosa nafasi likashuka, mstari wa juu unaweza kubaki na pengo la herufi 15, na pengo hilo linagawiwa nafasi mbili tatu zilizopo kati ya maneno. Hayo ndiyo mashimo meupe yanayoteremka kama mto katikati ya safu. Kwa safu nyembamba kuliko sentimita 4 tunashauri kuacha kusawazisha upande wa kulia; ukingo uliochongoka kidogo unasomeka vizuri kuliko mashimo.

Na wapo wanaokata kwa kuandika kistari cha kawaida. Hiki ndicho kinachozaa "wanaoshughu-likia" katikati ya mstari: neno moja likiongezwa juu, maandishi yote yanasogea, na kistari kinasogea nayo. Kistari cha kukatia neno kiandikwe kuwa kistari fiche, kwa Ctrl, Shift na kitufe cha kistari katika InDesign, au Ctrl na kistari katika Word. Hiki hujitokeza neno linapokatwa tu, na neno lililowekewa kistari fiche halikatwi mahali pengine.

Lakini nani ataweka vistari fiche kwa mkono ukurasa mzima? Hapa Kiswahili kina bahati, kwa kuwa silabi zake zina utaratibu ambao kompyuta inaweza kuufuata. Katika dirisha la kutafuta na kubadilisha, nenda sehemu ya GREP, inayotafuta kwa ruwaza ya herufi badala ya neno moja, uandike kwenye kutafuta:

(\l\l[aeiou])([bcdfghjklmnprstvwyz]+[aeiou]\l)

na kwenye kubadilisha:

$1~-$2

Maana yake: tafuta herufi tatu ndogo ya mwisho ikiwa irabu, zifuatwe na konsonanti moja au zaidi, irabu, na herufi nyingine, weka kistari fiche kati ya makundi hayo mawili. "Wanafunzi" inapata wana-funzi, "wanaoshughulikia" inapata wanao-shughuli-kia, "halmashauri" inapata halma-shauri, na "ng'ombe" haiguswi kwa sababu ya ritifaa. Inakosea kwenye silabi funge za mkopo zilizo ndani ya neno: "madaftari" inapata mada-ftari badala ya madaf-tari, na majina ya kigeni yanahitaji jicho. Kwa hiyo ifanywe kwenye maandishi ya Kiswahili tu, tena mwisho, baada ya masahihisho, maana neno litakaloandikwa upya halitakuwa na kistari. Kwa yale machache yanayokosewa, kamusi ya mtumiaji, yaani orodha ya maneno unayoiongezea programu mwenyewe, inapokea neno likiwa na alama ya wimbi mahali pa kukata, madaf~tari, na wimbi likitangulia neno zima maana yake lisikatwe kamwe. Kumbuka kamusi hiyo hufuata lugha. Aya ikiwekewa lugha tofauti na ile uliyoichagua ulipoingiza maneno, kamusi haisomwi.

Rekebisha pia mipaka ya ukataji ndani ya mtindo wa aya. InDesign huanza na maneno ya herufi 5, mbili zikiachwa mwanzo na mbili mwisho, na hadi vistari 3 mfululizo. Kwa Kiswahili tunaona inafaa herufi 7, tatu na tatu, na vistari visizidi 2.

Ritifaa. Ng'ambo, ng'ara, ning'inia: bila alama hii neno linabadilika sauti, na wakati mwingine maana. Waandishi huipiga kwa namna nne: ritifaa iliyonyooka, ritifaa iliyopinda, alama ya kufungua nukuu, na ile alama iliyolala inayokaa juu ya kitufe cha Tab. Zote nne zinapokutana ukurasa mmoja, anayetafuta neno hupata baadhi na kukosa mengine. Katika sehemu ya kutafuta maandishi ya InDesign, ^' hukamata iliyonyooka peke yake na ^] huweka iliyopinda kwa kufunga, ^[ hukamata ile ya kufungua. Tafuta ng ikifuatwa na kila moja, ubadilishe zote ziwe ng^] kisha pitia macho, kwa kuwa nukuu halali inaweza kufuata ng mara chache sana.

Zile alama tatu za ajabu, "ngâ€™ombe", zina chanzo kingine. Faili lilihifadhiwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyoandika herufi kwa namba) wa UTF-8 na programu ikalisoma kana kwamba ni usimbaji wa zamani wa Windows. Ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu katika UTF-8, na kila baiti imesomwa kuwa herufi yake. Usiketi kufuta moja moja. Rudi uliingize faili upya huku umeshikilia Shift wakati wa kubofya kitufe cha kufungua, dirisha la chaguo litatokea, chagua UTF-8. Kama maandishi yameshahaririwa na huwezi kurudi, tafuta kundi la alama tatu ubadilishe kuwa ritifaa kwa amri moja.

Maandishi yanapotoweka yote ghafla na alama nyekundu ya kujumlisha ikabaki kona ya fremu, yaani kisanduku kinachobeba maandishi, wengi huongeza ukubwa wa fremu, na bado hayarudi. Fungua kihariri cha maandishi kwa Ctrl na Y uone yameishia wapi. Neno la kwanza lililofichika ndilo lenye jibu. Huenda kuna picha iliyobandikwa ndani ya mstari iliyo kubwa kuliko fremu, au safu mlalo ya jedwali iliyo ndefu kuliko fremu. Huenda kuna aya kadhaa zilizoagizwa kila moja ikae na inayofuata, mpaka kundi zima halienei popote. Au kuna fremu tupu juu yake, isiyo na rangi wala mpaka, iliyowekewa agizo la kusukuma maandishi pembeni. Agizo hilohilo ndilo linaloficha maelezo ya picha yanapowekwa juu ya picha yenyewe: fremu ya maelezo ipewe chaguo la kutojali msukumo wa maandishi, nayo yatarudi.

Tuingie kwenye picha. Mzozo mkubwa kati ya chumba cha habari na wasanifu ni sentensi hii: "picha ni ya 72, haifai." Namba hiyo peke yake haisemi chochote. Picha yenye upana wa pikseli 3000 iliyoandikwa 72 kwa inchi ingekuwa na upana wa inchi 41.7 kama ingewekwa kwa asilimia 100. Ukiipunguza hadi asilimia 24, upana unakuwa inchi 10 na msongamano halisi ni pikseli 300 kwa inchi. Ni picha nzuri kabisa. Kinyume chake, picha ya pikseli 1200 iliyoandikwa 300 ikipanuliwa kufikia sentimita 20 inabaki na pikseli 152 tu kwa inchi. Gawa idadi ya pikseli kwa upana wa inchi utakaochapwa, inchi moja ikiwa sentimita 2.54, au soma namba ya pili katika paneli ya viungo, ile ya msongamano halisi, siyo ya kwanza.

Kiasi gani kinatosha kinategemea vitone vya mtambo, yaani vile vya wino vinavyounda picha kwenye karatasi. Kanuni ya kawaida ni mara moja na nusu hadi mbili ya idadi ya mistari ya vitone kwa inchi. Karatasi ya gazeti inayochapwa kwa mistari 100 inataka pikseli 150 hadi 200. Jarida la mistari 150 linataka 225 hadi 300. Michoro ya nyeusi na nyeupe isiyo na kijivu inahitaji zaidi sana, karibu 1200, la sivyo kingo zake zinakuwa ngazi. Kuongeza pikseli kwa programu hakuleti undani usiokuwepo, kunaleta ukungu mkubwa zaidi.

Picha nyingi dhaifu hudhoofishwa njiani. Mwandishi huibandika ndani ya Word, na Word, isipoambiwa vinginevyo, mara nyingi huibana hadi pikseli 220 kwa inchi kwa ukubwa iliyowekewa hapo. Au huituma kama picha kwenye WhatsApp, inayoipunguza. Ikitumwa kama hati, inafika kama ilivyo. Ikiwa umeletewa Word tu na mwandishi hapatikani, usinakili picha kutoka kwenye ukurasa. Nakili faili, badilisha kiambishi .docx kiwe .zip, lifungue, ingia folda ya word kisha media. Picha zote zimo humo kama Word ilivyozihifadhi, mara nyingi kubwa kuliko zinavyoonekana. Na ikiwa ndani ya Word yenyewe picha inaonekana kipande chembamba tu, haijaharibika: aya yake imewekewa nafasi kamili ya mistari, kwa mfano pointi 12 bila kuzidi wala kupungua, na picha imekatwa kwa kipimo hicho. Weka nafasi moja ya kawaida, picha itajitokeza.

Programu ya kurasa haibebi picha, hubeba anwani yake. Ukihamisha folda au kubadilisha jina la faili, kiungo kinakatika. Kioo kinaendelea kuonyesha taswira ya haraka, kila mtu anaridhika, na PDF inatoka na vigae. Alama nyekundu ya kuuliza kwenye paneli ya viungo ina maana faili halipatikani. Pembetatu ya njano ina maana limebadilishwa tangu liwekwe. Kazi ikihamia kompyuta nyingine tumia amri ya kufungasha, Ctrl, Alt, Shift na P, inayokusanya waraka, picha na fonti kwenye folda moja. Lakini picha kuonekana na ukungu kwenye kioo huku viungo vikiwa salama si kasoro. Badilisha ubora wa onyesho, usitafute picha nyingine.

Uso uliopanuka hugunduliwa kwa namba mbili. Bofya picha yenyewe, siyo fremu, usome asilimia ya upana na ya urefu. Zikiwa 97 na 82, picha imevutwa. Zisawazishe, kisha ujaze fremu kwa uwiano: Ctrl, Alt, Shift na C. Kuburuta kona ya fremu bila kujua umeshika fremu au picha ndiko kunakoleta haya.

Kwa rangi tutasema machache. Karatasi ya gazeti hunywa wino, vitone hutanuka, na picha hutoka nyeusi kuliko kioo. Wachapaji huomba jumla ya wino isizidi takriban asilimia 240. Picha iliyogeuzwa kwa mpangilio wa karatasi ya jarida inaweza kupita 300 na kuchafua ukurasa wa pili. Omba mpangilio wa rangi kutoka kwa mchapaji wenu kabla ya kugeuza picha hata moja. Mistari myembamba myeupe inayoonekana kwenye PDF iliyobapishwa (tabaka zake zimeunganishwa kuwa moja), kando ya kivuli au picha yenye uwazi, ipime kwa kukuza: ikibaki na unene uleule kwa kila ukubwa, ni ya kioo tu na haitachapwa.

PDF ikigoma kutoka, gawa kwa nusu. Waraka wa kurasa 32: toa 1 hadi 16. Zikitoka, kosa liko nusu ya pili; toa 17 hadi 24, na kuendelea. Kwa majaribio matano umefika kwenye ukurasa mmoja, na ndani yake ondoa picha moja moja. Picha inayogomesha ifunguliwe na kuhifadhiwa upya kwa jina jipya. Waraka wenyewe ukiwa ndio unaoyumba, uhifadhi kwa IDML, muundo mwingine wa faili wa InDesign, ufungue IDML hiyo, na endelea kutoka hapo.

Ndugu Mhariri, ombi letu kwako na kwa wahariri wenzako ni mambo mawili. Kwanza, tangazo la kupokea makala liwaambie waandishi watume maandishi bila kistari cha kukatia maneno, na kila picha kama faili lake la asili, nje ya Word. Pili, vyumba vya habari vya Kiswahili vibadilishane kamusi za watumiaji walizonazo wasanifu wao. Orodha hiyo huweza kutolewa kama faili la maandishi matupu na kuingizwa katika kompyuta nyingine kwa amri moja. Kila chumba kikianza na maneno 200 ya mkopo yanayokatwa vibaya katika toleo lake la wiki hii, daftari, maktaba, halmashauri na ndugu zao, kazi ya kuyasahihisha haitarudiwa na kila msanifu peke yake.

Wasanifu kurasa,
Wasomaji wenu